Kalamu ya risasi haina risasi

Muulize mwanafunzi ndani ya kalamu ya risasi kuna nini, naye atakujibu bila kusita: risasi, ile metali nzito. Jina limempotosha. Kilichomo ni madini ya kinywe (grafiti) yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, kalamu inakuwa ngumu na mwandiko unafifia. Kosa lenyewe ni la zamani: kinywe kilipochimbwa Uingereza karne ya 16, watu walikidhania ni aina ya risasi.

Sasa mpe mwanafunzi huyo kipande cha kinywe akishike. Vidole vinakuwa vyeusi, akikipitisha kwenye karatasi kinaacha mstari, na swali linamtoka lenyewe: mbona jiwe linaandika? Hapo ndipo anapokuwa tayari kusikia kwamba kaboni ya kinywe imejipanga kwa matabaka yanayoteleza, na kwamba almasi nayo ni kaboni hiyohiyo, ila imefungamana pande zote.

Ndiyo maana naungana na wanaotaka somo la madini lianzie kwenye mawe ya eneo la wanafunzi. Wanaopinga wanasema simu moja tu ina madini ya aina nyingi kutoka mabara tofauti, kwa hiyo anayefundishwa ya kwao pekee atabaki na picha nusu. Hilo ni kweli, na sina jibu la kulifuta. Ila wanapoongeza kuwa maeneo mengi hayana madini ya kufundishia, hapo sikubaliani nao. Tumezoea kusikia neno madini tukafikiria dhahabu, tukasahau kwamba mchanga ndio unaoyeyushwa kuwa kioo, na kwamba jasi ndiyo hutengenezewa chaki nyingi anazoandikia mwalimu ubaoni.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi pande zote mbili zinavyoridhika na jedwali la safu mbili: shaba kwa nyaya, boksiti (mawe yanayotoa alumini) kwa sufuria. Mtoto analikariri, anafaulu, na bado hajui jiwe liligeukaje kuwa waya. Safari hiyo ya katikati ndiyo somo lenyewe. Kupata tani 1 ya alumini huhitaji takriban tani 4 za boksiti, pamoja na umeme mwingi mno. Mbale ya shaba, yaani mawe yanayochimbwa ili kutoa shaba, katika migodi mingi mikubwa ina shaba chini ya asilimia 1, yaani tani nzima ya mawe haitoi hata kilo 10.

Na zile kilo 990 na zaidi? Zinasagwa, zinaoshwa kwa maji na kemikali, kisha zinamwagwa kama tope kwenye bwawa ambalo lazima lilindwe hata miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Mwanafunzi anayeishi jirani na mgodi hulipita bwawa hilo akienda shule. Kwenye daftari lake kuna neno "nyaya" tu, na mwalimu wake hajawahi kupewa mwongozo unaomtaka aeleze tope lile limetoka wapi.