Si Unakaa Tu?

Swali limerudi tena, na kama kawaida limetoka kinywani mwa mwanaume mwenye upara: "Hivi nyinyi wanawake saluni mnalalamikia nini? Si unakaa tu?"

Mheshimiwa, ahsante kwa swali zuri. Wewe kwa kinyozi unakaa dakika 20. Mashine inapita, spiriti kisogoni, poda, kioo cha nyuma, elfu tatu, na chenji unaidai. Hujawahi kuambiwa uje na nywele zako kwenye mfuko. Hujawahi kutangaziwa mbele ya watu wanane kwamba kichwa chako ni kikubwa, kwa hiyo kuna nyongeza ya elfu tano. Basi vuta kiti, maana jibu ni refu na linaanza saa mbili asubuhi.

Saa mbili ndiyo miadi. Aliyeipanga ni msusi mwenyewe: "Anti, wahi, nakuanza wewe." Mteja mstaarabu keshajiandaa tangu jana. Nywele kaosha nyumbani, kwa sababu kuosha saluni ni bei nyingine. Mafuta kapaka kidogo tu, yakizidi nywele zinateleza na rasta haishiki mzizini. Kachana kuanzia kwenye ncha kupanda juu, kafunga mabutu manne zikauke zimenyooka. Kariakoo kaenda, kachukua paketi saba za rasta za rangi 1B, weusi usiokolea sana, maana namba 1 ni weusi wa wino, ukiisuka nywele zako zinakusuta mzizini.

Saa mbili na robo mlango una kufuli. Ukipiga simu: "Nipo njiani, anti." Nyuma ya sauti unasikia kopo likichota maji kwenye ndoo. Saa tatu kasoro anafika binti wa kufagia, anakufagilia miguuni, unasogea, anakufuata huko huko ulikosogea. Saa tatu na nusu msusi anaingia, kajifunga kilemba. Kitazame vizuri hicho kilemba. Msusi ambaye kichwa chake mwenyewe kimekosa wa kukisuka anakupa taarifa muhimu, ila wewe una paketi saba mkononi na pa kwenda huna.

Nyuma yake kaingia mtu. "Huyu namalizia tu, jana umeme ulikatika." Huyo wa kumaliziwa anavua mtandio, na upande wa kushoto wote haujaguswa.

Sasa tufanye hesabu ambayo watu wa "si unakaa tu" hawajawahi kuifanya. Kichwa cha rasta za saizi ya kati kina rasta kama 120. Moja ya kufika kiunoni, kwa mkono mwepesi, ni dakika tatu hadi nne. Hizo ni saa sita hadi nane, bila chakula, bila simu, bila umeme kukatika. Ukianza saa nne na nusu, na mkono ukiwa mwepesi kweli, unatoka saa kumi na nusu. Ukiwa mzito, unatoka saa kumi na mbili na nusu, unagombea daladala na watu waliotoka kazini, na kondakta anakuambia rudi nyuma kuna nafasi.

Zamu yako inafika. Anakushika kichwa, anakigeuza kulia, anakigeuza kushoto, anaguna. Mguno huo ndio mwanzo wa bei mpya.

"Anti, nywele zako nyingi." Usidhani ni sifa.

"Halafu ngumu."

Unanyamaza.

"Na huku mbele zimekatika. Nani alikusuka?"

Alikusuka yeye, mwezi wa pili. Mtu mwenye akili hasemi, kwa sababu kichwa kiko mikononi mwake na kitakaa humo mpaka magharibi.

Mlichokubaliana ni notlesi. Ieleweke hapa notlesi ni nini, maana ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Rasta ya kawaida huanza na fundo: kipande cha rasta kinakunjwa katikati, kinapachikwa mzizini, nywele zako zinakamatwa na kukazwa hapo hapo. Uzito wote unaning'inia ngozini tangu dakika ya kwanza. Notlesi huanza na nywele zako peke yake, mizunguko mitatu minne, ndipo nyuzi chache za rasta zinaongezwa, mizunguko mingine, nyuzi nyingine, mpaka msuko unenepe taratibu. Mzizi unalala, shingo inageuka, na usiku wa kwanza unapata usingizi. Ndiyo maana inakula muda, na ndiyo maana bei iko juu.

Msusi mwenye haraka anafanyaje? Kusuka huanzia kisogoni. Kisogoni huna jicho. Kwa hiyo kisogoni anakuwekea fundo, na akifika mbele penye kioo ndipo anakusukia notlesi safi ya kupigia picha. Dawa ni kupapasa mapema, akiwa kwenye rasta ya tatu. Ukikuta kijiwe mzizini, sema hapo hapo. Ukisubiri afike utosini, unadai afumue kazi ya saa tatu, na katika nchi hii hajazaliwa msusi wa kukubali hilo.

Wakati huo amri zinatembea. "Inama." "Inuka." "Lala huku." Huku ni kwenye paja lake, uso umeelekea simu yake, na bila kutaka unajua kwamba shemeji hajatuma hela ya kodi na amesoma meseji bila kujibu. Anapita muuza korosho. Anapita wa vitumbua. Anapita wa blauzi za mtumba, hapo kazi inasimama, msusi anajaribu blauzi juu ya nguo, na wewe uliyeinamishwa unaombwa maoni ambayo utayatoa kwa kuangalia miguu yake. Mama wa kikoba anakuja kudai rejesho, wasusi wote wanapungua ghafla, wengine wamekwenda chooni, wengine haijulikani. Inakuja chipsi mayai. Anakula kwa mkono wa kulia, ule ule anaorudi nao kichwani. Haya mafuta ya nywele yenye chumvi hayauzwi duka lolote.

Saa sita inapogonga anagundua kachelewa na anaita wasaidizi wawili. Unafurahi. Usifurahi. Wa kulia anakaza, wa kushoto analegeza, wa katikati anaongea. Wiki mbili baadaye upande wa kushoto umeshuka, vinywele vimetoka nje, na upande wa kulia bado unashindwa kulalia. Wakija watatu, omba jambo moja tu: mistari miwili ya mbele isukwe na mkono mmoja, ule ule kutoka sikio hadi sikio.

Na hapo mbele ndipo penye kesi yenyewe.

Nywele za kwenye paji la uso na za juu ya masikio ni nyembamba kuliko za utosini. Ndizo zinazovutwa kuliko zote, kwa sababu inasemekana uso lazima "ukae". Unavutwa mpaka nyusi zinapanda, ukijaribu kukunja uso ukasirike ngozi haipo. Ukisema "dada, unaniumiza," inatolewa methali: ukitaka uzuri sharti udhurike. Methali ni ya wahenga na tunaiheshimu, ila angalia anayeitamka ni nani. Ni aliyesimama. Aliyekaa hajawahi kuitamka.

Kesho yake asubuhi vinatokea vipele vyeupe mzizini. Unapiga simu. "Meza Panadol anti, baada ya siku tatu zinalegea." Zinalegea kweli, kwa kung'oka. Vipele vile maana yake kitundu unamoota unywele kimevimba kwa kuvutwa. Tiba yake ni kufumua zile rasta za mbele usiku huo huo, hata ukionekana kituko kazini. Mara ya kwanza nywele zitaota tena. Ukirudia mwaka hadi mwaka, kitundu kinaziba kwa kovu, na kikishaziba hakuna mafuta ya nazi, maji ya kitunguu wala maji ya mchele ya kukifungua. Madaktari wanaujua upara huu wa kuvutwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na walioandikwa kwanza walikuwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele utosini kwa kukaza. Greenland! Kwenye barafu kote huko, na bado kulikuwa na mtu anasema vumilia.

Kinga yenyewe haihitaji chuo kikuu. Mbele, fungu la nywele liwe nene na rasta iwe kidogo. Acha upana wa kidole kimoja cha nywele za ukingoni bila kusuka kabisa. Wiki sita, nane zikizidi sana, fumua. Usitoke rasta za kukaza ukaingia moja kwa moja kwenye wivingi ya kukaza. Yote haya msusi anayajua, alifundishwa. Lakini ukimwambia asikaze anakujibu, "Nisipokaza zitawahi kuchakaa halafu utasema mimi sijui kusuka." Na hapo, tuseme ukweli, ana hoja, kwa sababu wapo wateja wa kurudi wiki ya pili kudai hela yao. Lakini mtu amelipa elfu arobaini. Amelipa! Analipia kuumizwa, halafu ni yeye anayeomba samahani kila akishtuka, "samahani dada, endelea tu." Samahani ya nini? Nani kamkosea nani hapo?

Tuendelee. Mwisho wa rasta huchovywa kwenye maji yaliyochemka ili ncha zilale. Utaratibu ni taulo nene mgongoni kwanza, mkupuo mmoja wa sekunde chache, kukamua kwa taulo kavu, halafu ndipo unaachiwa. Utaratibu unaotumika ni sufuria kupita juu ya bega lako na neno "angalia" kufika baada ya maji.

Wenye dawa nao wana jalada lao. Dawa kali za kunyoosha nywele zina kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Ndiyo maana hutakiwi kuosha wala kukuna kichwa siku moja au mbili kabla, unapaka mafuta mazito ukingoni na masikioni, na dawa inagusa nywele mpya tu, zile zilizoota tangu mara iliyopita. Dakika zimeandikwa kwenye kopo. Msusi hasomi kopo. Anakuuliza, "Inawasha?" Ukisema ndiyo: "Basi ndiyo inaingia," na anatoka kwenda kununua vocha. Akirudi, maji yamekatika.

Sinki la kuoshea lina ukingo mkali, na shingo inakunjwa nyuma robo saa. Mwaka 1993 daktari wa Marekani, Michael Weintraub, aliandika kuhusu wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni kwa mkao huo. Ni jambo la nadra, lakini taulo likunjwe liwekwe chini ya shingo, na kizunguzungu kikija inuka na povu lako. Kitana kimoja kwa vichwa kumi, mapunye ya Mbagala yanahamia Sinza. Nenda na kitana chako. Utaitwa mwenye maringo. Itika.

Halafu paketi. Ulileta saba, kichwani zimeingia tano na kidogo. Kuuliza unaona aibu, kutouliza unaona hasara. "Zimeisha zote anti, nywele zako nyingi." Wiki ijayo utakutana na 1B yako kwenye kichwa cha mtu pale sokoni, imependeza.

Na hapo bado kufumua, ambako saluni nako kuna bei yake, kwa hiyo kazi inashuka kwa watoto wa nyumbani. Hapa pana kanuni mbili. Ya kwanza: usimwage maji kabla ya kuchambua ile taka ya mzizini kwa kitana cha mkia, ikilowa inajikunja inakuwa sufi. Utaona nywele nyingi zinatoka, usipige yowe. Binadamu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo kati ya 2,100 na 4,200 zilikuwa zimefungiwa humo zikisubiri mlango ufunguliwe.

Ya pili ni ya mkasi. Kabla ya kusuka, vuta unywele mmoja uone unafika wapi. Tuseme begani. Siku ya kufumua mkasi ukatie vidole vinne chini ya bega, usipande hata kidogo. Tatizo la notlesi iliyosukwa vizuri, kwa rangi iliyolingana vizuri, ni kwamba kwa macho hujui nywele zako zinaishia wapi na rasta inaanzia wapi. Na mwenye mkasi ni mtoto wa dada, miaka tisa, katuni iko hewani, umempa kichwa umeinama unachambua mchele. Kwa saa nzima hakuna neno. Kisha anakunyooshea kitu mbele ya uso.

"Mama mdogo, hii mbona laini kuliko zingine?"