Fundo la Kamba ya Mbuzi

Kwa kuwa mwenzangu wa zamu amekwisha kueneza habari kwamba mgonjwa alijishona mwenyewe huku mimi nikimshikia taa, naona ni afadhali mlisikie jambo hili kutoka kwangu. Hakujishona. Aliniongoza tu.

Mzee yule ni mvuvi. Juzi usiku alikuwa akipasua nguru, kisu kikateleza na kumchana kigasha cha kushoto, jeraha la urefu wa kidole. Kano na mishipa ilikuwa salama, hivyo nikasafisha, nikachoma ganzi, nikafungua pakiti ya uzi wa nailoni wa namba 3-0 na kushona nyuzi saba zilizopangana kama meno ya chanuo. Ncha nilizikata karibu kabisa na fundo, kwa sababu napenda unadhifu. (Mnaosomea udaktari mmeanza kushika vichwa, subirini.)

Nikamwambia kwa sauti ya kibingwa, "Mzee, hebu kunja ngumi."

Akakunja. Uzi wa kwanza ulitikisika kidogo, kama mtu aliyeitwa usingizini. Kisha ncha zake fupi zikaanza kujinyoosha taratibu, moja ikazama ndani ya kitanzi kama konokono arudishaye pembe, fundo likalegea likawa duara, na duara likawa uzi mtupu uliolala juu ya ngozi. Nilitazama wa pili huku nikiomba. Ukafuata. Wa tatu haukungoja kuombewa. Midomo ya jeraha ikafunguka kwa adabu, nasi watatu, yaani mimi, mzee na sista aliyeshika trei, tukaitazama kimya.

"Mwanangu," akasema mzee, "huu si mshipi wa kuvulia?"

"Ni nailoni, mzee."

"Ndiyo mshipi huo. Sasa mbona umeufunga kama kamba ya mbuzi?"

Sista akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Kosa lenyewe ni la mwaka wa kwanza wa mazoezi. Kila mara niliuzungusha uzi kwenye koleo la sindano upande uleule na kuvuta bila kupishanisha mikono, hivyo badala ya fundo bapa linalojibana lenyewe nikapata fundo la kuteleza. Tena nilifunga mara mbili tu, kwenye uzi ambao, tofauti na hariri, ni mtelezi na hukumbuka ulivyokunjwa ndani ya pakiti, ndiyo maana hutaka kufungwa mara nne au tano. Nilijifunzia kwenye ndizi, na ndizi haikunji ngumi.

Mzee alichukua kipande kilichobaki kwa mkono mzima, akataka kukibana kwa meno ili anionyeshe. Nikakiwahi. "Mara ya kwanza pitia huku, ya pili rudia kule," akaagiza, "na usivute upande mmoja." Nikafungua pakiti mpya na kufuata: zungusho la kwanza mara mbili, kisha kwa kupishana, mikono ikibadilishana pande, hadi mafungo matano, ncha za milimita tano. Kila fundo alilikagua. La sita alilikataa, nikalirudia.

Ngumi ya pili ilipita salama. Nyuzi zitatolewa siku ya 10, nami nimeomba nibadilishiwe zamu siku hiyo. Mpangaji wa zamu ni sista yuleyule. Amekataa, na kwenye ratiba ameniandika "Dkt. Mbuzi".