Sarafu Ambayo Haijanunua Hata Kiberiti

Juzi nilimwonyesha jamaa yangu mmoja, mkusanyaji sarafu wa miaka mingi, faranga 10 ya Jibuti ya mwaka 1977. Akaigeuza, akaliona neno ESSAI, yaani "jaribio" kwa Kifaransa, lililopigwa juu ya chuma chenyewe, akanirudishia. "Ndugu yangu, hii ni ya majaribio. Haijanunua hata kiberiti. Hii si pesa." Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa kwake, na chai yake ilikuwa mkononi mwangu. Lakini yamenikaa rohoni tangu siku ile.

Jibuti ilijitawala tarehe 27 Juni 1977, na mwaka huohuo Monnaie de Paris, kiwanda cha sarafu cha Ufaransa, ikapiga majaribio ya sarafu za nchi mpya. Mwenye zile za zamani, za Eneo la Waafar na Waissa, kama Jibuti ilivyoitwa chini ya Wafaransa, aziweke mezani kando ya hizi. Kwenye ya zamani kuna kichwa cha Marianne, yule mwanamke wa Jamhuri ya Ufaransa. Kwenye jaribio la 1977 hayupo. Mahali pake pamekaa ngao, mkuki, nyota, na mikono miwili iliyoshika mapanga. Sasa geuza. Jahazi ni lilelile na meli kubwa ni ileile! Watu wa bandari wameondoa uso wa mtawala, jahazi limebaki. Mimi nimekulia pwani, na kila nikiiangalia najikuta nafuata tanga kwa macho kama vile nasubiri litie nanga.

Utaniambia hata faranga ya kawaida ina picha hizohizo. Sawa, inazo. Lakini ile imepita mikono elfu, tanga limesagika. Hii ya majaribio ilipigwa kwa utulivu, kila mstari umesimama. Na lile neno ESSAI, ambalo jamaa yangu aliliona kama doa, ndilo lililonifanya niitafute miaka miwili. Linasema kwamba kazi hii ililetwa ikaguliwe, na aliyeishika bado alikuwa na nafasi ya kusema hapana, irudieni. Noti na sarafu za sokoni hazina ushahidi huo. Kwa nchi iliyokuwa inaanza kuchagua alama zake yenyewe, mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko kiberiti.

Nakubali, si majaribio yote yalikuwa ya ukaguzi. Mengine yalipigwa ili wakubwa wapewe zawadi na wakusanyaji wauziwe. Bei nazo zinauma. Na tafadhali, usiisugue kwa ndimu na majivu, utaiua.

Kinachonisikitisha ni kwamba kuipata nililazimika kuagiza Ulaya. Vyuma vya kupigia vilikuwa kwao, majaribio yakabaki kwao. Hata shilingi yetu ya kwanza ya Tanzania, ya 1966, ilichorwa na Mwingereza, Christopher Ironside: samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye 20, sungura kwenye 50, na Mwenge kwenye shilingi. Bibi yangu aliijua senti 5 gizani kwa zile pembe zake 12. Alikuwa akiifungua kutoka kwenye pindo la kanga bila kuwasha taa. Natamani sana kujua nani aliketi mezani akakubali pembe zile, na ni michoro gani iliyokataliwa kabla ya samaki yule kukubaliwa. Bibi aliishi na uamuzi wao maisha yake yote.

Basi kama una mzee aliyefanya kazi hazina au benki miaka ile ya sitini na sabini, mwombe akufungulie droo. Ukikuta sarafu inayong'aa kupita kiasi, au yenye neno usilolielewa, ishike kwa ukingo, ipige picha pande zote mbili, na muulize aliipewa na nani. Andika jibu lake siku hiyohiyo.