Kesi ya Kisima na Malimao

Kosa nililosomewa mbele ya balozi wa nyumba kumi lilikuwa kuchafua jina la kisima. Siyo kukichafua kisima chenyewe, jina lake. Mlalamikaji, Babu mwenye kisima, alikuja amevaa koti la harusi na kushika ndoo ya maji yake kama kidhibiti. Mimi mshtakiwa nilikuwa na kipimo cha maji cha shilingi 45,000 kwenye mfuko wa shati, kimechomoza kama kalamu ya daktari. Nje, majirani wa Buhongwa walikuwa wameshakaa juu ya mawe. Mwanza hii ukitaka kiti cha kutazamia ugomvi hukosi jiwe.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mimi ni fundi simu, nina meza yangu Makoroboi, na kazi hiyo imenifundisha kwamba mteja hudanganya lakini mita haidanganyi. Mteja atakuapia kwa jina la mama yake kuwa simu haijawahi kuingia maji. Unafungua mfuniko, nusura ukute dagaa. Basi mimi nikawa mtu wa mita. Nikiambiwa mtoto ana homa, nauliza kipimo kimesema ngapi kabla sijamuuliza mtoto.

Uwanja wangu nyumbani ni jiwe moja kubwa lililozungukwa na watoto wake. Niliwahi kujaribu mchicha pale, jembe likatoa cheche. Kwa hiyo niliposikia kuna kilimo kisichotaka udongo, haidroponiki, mizizi inaning'inia ndani ya bomba na maji yenye virutubisho yanapita chini yake, nikasema hiki kimebuniwa na mtu aliyewahi kupanga Mwanza. Nikanunua mabomba ya plastiki ya inchi 4, nikatoboa matundu 36, nikafunga pampu ndogo ya tangi la samaki, nikapanda saladi. Hoteli za mjini huzinunua. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeshanunua bajaji.

Likaja suala la maji. Bomba letu lilikuwa la mgawo, kwa hiyo nikaenda kwa Babu, ndoo shilingi 100. Maji meupe, ya baridi, matamu kuyanywa. Mke wangu akaniambia, "Baba, maji ya kisima kile mimi nayajua, ni magumu. Sabuni haitoi povu mpaka uigombeze. Maharage yanachemka asubuhi hadi adhuhuri bila magadi. Na birika lako la chai umeliona ndani? Limeota ukoko mweupe kama ganda la yai."

Nikamjibu kwamba saladi haifui nguo wala haili maharage.

Wiki ya pili majani machanga yakaanza kuwa njano, mishipa tu imebaki kijani. Nikasoma kidogo nikaambiwa hiyo ni dalili ya mmea kukosa chuma, na kwamba chuma kinaweza kuwemo kwenye maji lakini mmea ushindwe kukinyonya kwa sababu pH iko juu. Kwa asiyejua, pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, ukishuka chini ya hapo ni uchachu, ukipanda ni alikali. Saladi ya namna hii hupenda 5.5 hadi 6.5. Nikaagiza kipimo. Kilipofika nikakichovya kwenye ndoo ya Babu: 8.9.

Jamani, nilifurahi kama mganga aliyebahatisha. Ugonjwa umepatikana!

Dawa ya kushusha pH ipo, huuzwa kwenye chupa, ila bei yake nilipoulizia nikaona naweza kununua shamba la malimao. Basi nikaenda kwenye malimao yenyewe. Jioni nakamua, nachovya kipimo, nakamua tena, hadi kiandike 6. Nalala usingizi wa mtaalamu. Asubuhi kimepanda: 7.8. Kumbe maji yenye chokaa nyingi ni mbishi, unayasukuma chini usiku, asubuhi yamerudi pale pale. Na vijidudu navyo hula juisi ya limao kwa furaha, vikakuachia utelezi kwenye mabomba. Lakini hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule niliona ni suala la kuongeza malimao tu, na nikafika malimao 11 kwa siku. Samaki nyumbani wakaliwa bila limao. Jirani wa ukuta wa pili akaanza kunusanusa na kuuliza kwa adabu kama pombe ikiiva nitakuwa nauza kwa kikombe au kwa chupa.

Niliwahi kujaribu na ya ziwani pia. Nilisikia maji ya Ziwa Victoria hayana chumvichumvi nyingi, na hilo ni kweli. Nikamkodi bodaboda mpaka Nyegezi, tukarudi na madumu manne. Hakuna aliyenikumbusha kwamba ziwa halisafiri peke yake. Siku nne juani, tangi likawa kijani kama mlenda, pampu ikabanwa, na kitu fulani chenye mkia kikawa kinanitazama. Nikarudi kwa Babu.

Sasa lile kosa. Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa kisimani, kipimo kimo ndani ya ndoo ya binti wa jirani. Akaniuliza, "Vipi, fundi?" Nikamjibu kitaalamu, bila kuinua uso: "Maji magumu haya, na yana alikali."

Maneno sita. Yalitoka kisimani saa 12 na nusu. Yalipofika kwenye genge la nyanya, "yana alikali" ilikuwa imeshakuwa "ni makali". Kwa mama wa vitumbua ikawa "yanakata utumbo". Kwenye kijiwe cha bodaboda ikafika tindikali, na kwamba fundi ana mashine imepima, na mboga zake zote zimeungua, nendeni mkazione wenyewe. Watu wakaja kuziona kweli. Na kweli zilikuwa zimeungua. Ushahidi wa kunimaliza nilikuwa nimeupanda mwenyewe, kwa mistari.

Saa 4 Babu alikuwa amekaa kisimani peke yake na kata yake. Jioni nikaitwa.

Balozi alifungua kikao huku akinywa soda ya kola, akaniambia, "Kipime basi, tukione." Nikachovya kwenye ndoo ya Babu. 8.9. Watu wakavuta pumzi. Babu hakusema kitu. Alichota kikombe kikajaa, akakinywa chote, akafuta midomo kwa mkono wa koti la harusi. "Haya maji nimeyanywa tangu siku kisima kinachimbwa," akasema. "Nina wajukuu 19 na meno yangu yote isipokuwa mawili, na hayo mawili yalitolewa na ng'ombe." Kisha akanigeukia: "Bhebhe, fundi! Hebu pima na soda ya balozi."

Balozi akaisogeza chupa kwa mashaka. Nikachovya. 4.1.

Pale pembeni akakohoa mpangaji mmoja, mwalimu wa kemia. Mimi nikijua mwalimu akikohoa mtu anafeli. "Samahani," akasema, "kola huwa kwenye 2.5 hivi. Fundi, kipimo ulikiseti kwanza na zile pakiti?"

"Pakiti zipi, mwalimu?"

"Zile mbili ndogo za unga zinazokuja ndani ya boksi. Moja imeandikwa 4.01, nyingine 6.86. Unakoroga unga kwenye maji safi, unachovya kipimo, unakilazimisha kisome namba ile."

Sasa, ndugu msomaji, mtu anayefungua maboksi ya simu kila siku anajua vile vipakiti vya kukausha unyevu vilivyoandikwa usile. Mkono wangu una mazoea. Boksi likifunguka, vipakiti vinaruka vyenyewe. Vile viwili niliviona. Nilivitupa, tena kwa majivuno, nikamwambia mke wangu asije mtoto akala.

Mwalimu akapiga hesabu hapo hapo nyuma ya daftari la balozi, na sauti yake ikawa ya darasani. Kipimo kinasoma juu kwa 1.6. Maji ya Babu, kwa hiyo, ni 7.3, hayana ugomvi na mtu. Lakini kila jioni nilipokamua hadi kiandike 6, mizizi ilikuwa imeketi kwenye 4.4. "Na ngazi za pH siyo za kawaida," akaongeza, "kila moja ni mara kumi. Kosa lako la 1.6 ni uchachu wa karibu mara 40 ya ule uliodhani."

"Kwa hiyo alikuwa anatengeneza achari," akasema mama wa vitumbua.

Huko nyuma mke wangu akanyoosha mkono kama yuko shule. "Mheshimiwa balozi, naomba iandikwe kwamba mimi nilisema maji ni magumu. Sikusema ni makali." Mwalimu akamkubalia mbele ya mtaa mzima: ukoko wa birika ni chokaa, ndiyo pia inayogombana na sabuni na maharage, na kuyanywa hayana neno. Kwa saladi angechanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua. Mke wangu akakaa chini taratibu. Kipimo chake kilikuwa sufuria ya maharage, na hakikuwa na pakiti za kupotea.

Balozi alitafakari hadi soda ikaisha. Hukumu: neno "magumu" ni ruhusa, kwa kuwa lina ushahidi wa birika. Neno "makali" ni kashfa, hata kama mshtakiwa hakulitamka, kwani yeye ndiye aliyeleta mbegu yake. Adhabu: asubuhi saba mfululizo nisimame kisimani saa 12 na nusu, ninywe kikombe kizima mbele ya wateja, na kutangaza kuwa nimepona.

Nilinywa. Siku ya tatu watu walikuwa wanaleta watoto kutazama. Mvua za Novemba zikawa zimeanza, mke wangu akakinga jaba mbili kwenye bati, tukachanganya kama alivyosema mwalimu, ambaye pia alinipa unga kidogo wa kusetia kipimo kutoka kwenye akiba yake. Nikapanda upya. Miche ikasimama kijani, na samaki wakapata limao lao.

Asubuhi ya saba Babu aliniwekea kiti kabisa. Foleni ya ndoo ilifika barabarani, ndefu kuliko kabla ya kesi. Nilipomaliza kikombe akanivuta kando, akatazama kulia na kushoto, akaninong'oneza:

"Fundi, kile kisima kipya cha kule juu, cha yule jamaa anayeuza ndoo kwa shilingi 80. Kesho pita pale na mashine yako. Si lazima uiseti. Ila ukipima, upime kwa sauti."