Unaenda kwa Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamishwa kwenye lango la ukumbi mmoja hapa Nairobi nikiwa nimebeba ngoma mbili, moja begani na nyingine kwapani. Askari hakuwa na ubaya wowote. Aliniuliza tu lile swali ambalo kila mkazi wa jiji hili analijua: "Unaenda kwa nani?" Nikamwambia siendi kwa mtu, naenda mazoezini. Akalitazama daftari lake. Palikuwa na safu ya jina, safu ya nambari ya kitambulisho, safu ya saa ya kuingia na safu ya mtu unayemwendea. Ya mazoezi haikuwepo. Siku hiyo tulipigia ngoma nje, kando ya ukuta, mpaka mvua ikatufukuza.

Daftari lile hunijia kila ninapowasikia watu wakibishania sura ya kituo kipya cha sanaa katikati ya jiji. Mabishano huanzia juu: paa liwe la namna gani, ukuta wa mbele uwe wa vioo au wa mawe, jengo litatutangaza vipi kwa wageni. Mimi ningependa tuanzie chini, pale langoni, kisha tuje kwenye bei ya kukodi chumba cha mazoezi kwa saa.

Jambo hili tumewahi kulijadili kwa upana hapa kwetu. Kituo cha GoDown kilianza 2003 kwenye barabara ya Dunga, Industrial Area, ndani ya maghala makuukuu, na jina lake halikuficha asili: godauni ni godauni. Wanamuziki, wachoraji na wacheza dansi wakajazana humo. Kwa ngoma zangu mimi, uzuri wa Industrial Area ni kwamba kelele zako haziwezi kuzishinda za viwanda. Wenye kituo walipotaka kujenga upya papo hapo, hawakutosheka na wasanifu majengo. Mnamo 2013 walianzisha tamasha la Nai Ni Who, yaani "Nairobi ni nani", ambapo wenyeji wa mitaa waliwatembeza wenzao mitaani mwao na kuwaonyesha kile wanachokiona wao kuwa ndiyo Nairobi. Michoro ikashughulikiwa na kampuni ya White Arkitekter ya Sweden, na hatimaye maghala yakabomolewa.

Kwa utaratibu huo nawavulia kofia. Wasiwasi nilio nao ni wa majengo mapya yote ya sanaa, popote yanapojengwa. Ghala kuukuu lina fadhila moja ambayo hakuna mchoro unaoweza kuiiga: halimtishi mtu. Ukitaka kupigilia msumari ukutani unapigilia. Rangi ikimwagika sakafuni, imemwagika. Jengo jipya lina lifti, lina viyoyozi, lina mtu wa kupiga deki kutwa nzima, na bili hizo lazima zitoke mfukoni mwa mtu. Ndipo ukumbi unapoanza kuipenda semina ya benki kuliko kikundi cha sarakasi kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, na ukiuliza ni nani aliyeamua hivyo, humpati.

Hata hivyo, sitaki kusikia kwamba msanii anafaa kukaa palipochakaa. Nimebadilisha nguo nyuma ya gari mara nyingi mno kuweza kuyatukuza mateso hayo. Tupewe vyoo, tupewe maji, tupewe taa zisizozimika katikati ya onyesho. Ninachotaka kujua ni nani atapanga ratiba baada ya utepe kukatwa.

Kwa sababu ratiba ina historia yake hapa. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo ulifunguliwa 1952, zama za mkoloni, mkabala na hoteli ya Norfolk. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika. Lakini waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo walipotaka kuonyesha humo tamthilia yao kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, mnamo 1976, iliwabidi wapiganie siku chache tu, maana maonyesho ya kigeni yalikuwa yameshatengewa nafasi. Ukumbi wa taifa, na taifa linabisha hodi!

Mwaka uliofuata, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijijengea ukumbi wao wa wazi. Walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwandani. Ngũgĩ alisimulia kwamba ramani yake ilianza kwa njiti za kiberiti zilizopangwa chini, jukwaa likawekwa hapa, viti pale, ndipo kikatengenezwa kielelezo kidogo cha kujengea. Serikali ilifuta kibali cha mchezo wao Novemba 1977, na 1982 polisi wakaja kuubomoa ukumbi wenyewe. Watu wengi hukumbuka bomoabomoa hiyo, na wana haki. Mimi hukumbuka njiti. Nawaona watu wamechuchumaa, huyu anaisogeza njiti moja ili bibi aliyekaa nyuma asizibwe, yule anairudisha kwa sababu waimbaji watagongana wakitoka. Ubishi wa namna hiyo ndio ninaoutaka, wa watu watakaokalia vile viti.

Tungekuwa na ubishi huo, nina hakika jambo la kwanza kuzuka lingekuwa usafiri. Yeyote aliyewahi kupanda jukwaani hapa mjini anajua kinachotokea inapogonga saa mbili na nusu usiku. Mchezo haujaisha, mhusika mkuu ndiyo kwanza ameanza kulia, na kule nyuma unasikia viti vikijikunja: pa, pa, pa. Hao ni watu wa Kayole, Dandora na Githurai. Hawajachoshwa na mchezo. Wanajua nauli itakuwa kiasi gani saa tatu, na mvua ikinyesha itakuwa mara mbili yake, halafu kuna kile kipande cha kutembea gizani kutoka steji ya matatu hadi nyumbani. Wanatoka wakiinama ili wasituzibe, wengine wanatupungia mkono.

Nimeonyeshwa michoro mingi ya kumbi za kesho, yenye miti ya kijani na watu wembamba wanaotembea bila mizigo. Sijauona hata mmoja ulioonyesha mahali ambapo matatu itasimama.