Tukipanda Taita, mwenyeji anapona?

Kila shule zinapokaribia kufungwa Agosti, barazani na kwenye makundi ya simu ya mtaa wetu hapa Mombasa huzuka mjadala uleule: familia iende kupumzika wapi? Siku hizi wengi hutaja kaunti ya Taita-Taveta. Wanaounga mkono husema pesa ya Pwani izunguke Pwani, na vijiji vya milimani navyo vipate riziki. Wanaopinga, baadhi yao Wataita wanaofanya kazi huku mjini, husema tunachowapelekea ndugu zao ni kelele na taka. Nimekwenda mara kadhaa, na naona kila upande una haki yake.

Kwenda kwenyewe ni rahisi. Voi iko kama kilomita 160 kutoka hapa, na tangu 2017 treni ya SGR husimama hapo. Ukipita mashamba ya mkonge ya Mwatate unaanza kupanda kona baada ya kona hadi mji wa Wundanyi, masikio yakiziba njiani. Usiku, mtu wa Likoni aliyezoea kulala na feni anaomba blanketi la pili. Juu zaidi kuna kilele cha Vuria, mita 2,208, na msitu wa Ngangao wenye ndege wasiopatikana popote duniani nje ya milima hii. Ukiteremka upande wa Taveta unakutana na maziwa mawili yasiyofanana hata kidogo. Jipe lina kina kifupi, limezongwa na magugu, viboko wamo, na ng'ambo yake imesimama milima ya Upare. Chala limo ndani ya shimo la volkano, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Hakuna mto unaoingia humo. Maji yake hutoka chini ya ardhi. Ukisimama ukingoni wingu likipita, maji ya kijani hugeuka buluu nzito mbele ya macho yako. (Kuogelea msithubutu. Mwaka 2002 mamba aliua mgeni humo.)

Sasa nieleze nilichokiona Agosti iliyopita. Basi la kukodi kutoka mjini lilisimama kando ya barabara karibu na Wundanyi, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Mama mmoja alikuwa amepanga parachichi kwenye gunia, mafungu ya matano matano. Abiria wakashuka na hotipoti zao za pilau, wakala, wakapiga picha, wakaondoka. Yule mama aliuza mafungu mawili. Kisha akainuka, akaanza kuokota chupa za plastiki mtaroni, kwa sababu mtaro ule unapeleka maji shambani kwake.

Kwa hiyo wanaopinga hawasemi kwa husuda. Na wana hoja nzito zaidi ya taka, nayo ni maji. Tangu miaka ya 1950 Mombasa imekuwa ikinywa maji ya chemchemi za Mzima, zilizomo kaunti hiyohiyo, ilhali vijiji vingi vya huko bado vinahangaika na ndoo. Kila nyumba ya wageni yenye mabafu inayojengwa kijijini inaongeza mdomo mwingine kwenye mfereji uleule.

Hata hivyo, siwezi kusema tusiende. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hiyo iko ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa 1948. Ada ya langoni haimfikii mkulima. Kinachomfikia ni ndovu, usiku, katikati ya mahindi. Mgeni anayelala kijijini ni mojawapo ya njia chache za pesa kumfikia mkononi moja kwa moja. Kinachoniudhi ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, inayobeba kila kitu kutoka mjini hadi maji ya kunywa.

Na sisi wa Mombasa tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Tumeona ufuo ukizungushiwa kuta, wavuvi wakibaki na vichochoro vya kushukia baharini. Naiomba serikali ya kaunti ya huko ilinde njia za kushukia Chala na Jipe mapema, kabla viwanja vya kandokando havijauzwa kwa watu wa mjini kama sisi.

Safari yangu ya mwisho tulilala siku tatu kwa familia moja juu ya Wundanyi. Tulilipa tulichoambiwa, tukala kimanga, chakula cha Wataita, kijana wa hapo akatupeleka Ngangao kwa ujira wake. Tulipouliza habari ya kuoga, mwenyeji alituletea maji ya moto, beseni moja kwa kila mtu. Yalitutosha siku zote tatu.