Sanamu bila hati: hasara ibebwe na mnunuzi au na aliyeibiwa?

Hapa Lubumbashi, sanamu ya Wahemba, watu wa kusini-mashariki mwa Kongo, inaweza kufika mlangoni pa mnunuzi ikiwa imeviringishwa kitenge, muuzaji akaapa kwamba aliirithi kwa babu yake, wakapatana bei, na mambo yakaishia hapo. Miaka ikipita, ukoo fulani kutoka upande wa Kongolo unaweza kujitokeza na kusema kwamba hiyo ni singiti yao, sanamu ya babu wa ukoo, na kwamba iliibwa. Mnunuzi alilipa pesa zake kwa moyo safi, na ukoo haukuuza kitu.

Sheria za dunia hazijibu swali hilo kwa sauti moja. Nchini Marekani kanuni ni kwamba mwizi hana umiliki, kwa hiyo hawezi kumpa mtu umiliki huo, hata kitu kikipita mikononi mwa watu kumi. Ufaransa, kinyume chake, humlinda aliyenunua kwa nia njema: aliyeibiwa ana miaka 3 ya kudai mali yake, na ikiwa ilinunuliwa mnadani, sokoni au kwa mfanyabiashara wa vitu vya namna hiyo, sharti kwanza amrudishie mnunuzi bei aliyolipa. Hoja ya ulinzi huo ina uzito, kwa sababu biashara haiwezi kwenda ikiwa kila mnunuzi analala na hofu ya kunyang'anywa. Lakini miaka 3 ni michache mno kwa familia ya kijijini, maana sanamu inaweza kufichwa sandukuni hadi muda huo uishe.

Mkataba wa UNIDROIT wa 1995, mkataba wa kimataifa kuhusu vitu vya utamaduni vilivyoibwa, ulitafuta njia ya kati: kilichoibwa kirudishwe, na mnunuzi alipwe fidia ya haki akithibitisha kwamba alichunguza ipasavyo. Mimi naegemea huko, ingawa neno "ipasavyo" ndilo lenye utata. Tangu 2021 Interpol ina programu ya simu, ID-Art, ya kutafuta kazi za sanaa zilizoripotiwa kuibwa. Inafaa kuitumia, ila inajua tu kilichoripotiwa. Kati ya vitu 114 ambavyo Ubelgiji ilivipeleka Kinshasa kati ya 1976 na 1982, baadhi viliibwa katika vurugu za miaka ya 1990 na kuonekana tena sokoni. Vitu hivyo angalau vilikuwa na kumbukumbu za makumbusho. Singiti ya kijijini pengine haikupigwa picha hata siku moja, na kutokuonekana kwake kwenye orodha hakuthibitishi chochote.

Kuna jambo gumu zaidi, ambalo watetezi wa wanunuzi hulitaja kwa haki: mara nyingine anayeuza ni mtoto wa ukoo wenyewe, mwenye shida ya kweli, na risiti ina sahihi yake halisi. Je, huo ni wizi? Kwa maoni yangu, mali ya ukoo haiuzwi na mtu mmoja, na mnunuzi anayejua sanamu hiyo ni ya nini hawezi kusema hakulifahamu hilo. Kabla ya kutoa pesa, aulize inatoka kijiji gani, aulize ni mzee gani anayeitunza, kisha apige simu huko yeye mwenyewe, bila kumtegemea muuzaji amtafutie namba.